Samaki wa Mchezo

Hapo zamani, katika mji wa Mtangani, palikuwa na sultani akiitwa Hilali, naye alikuwa amepiga marufuku mtu kuvua katika maji ya ndani ya mwamba ila kwa ruhusa yake. Hata hivyo samaki wakazidi kuadimika. Basi akamwita Faki, fukara asiye na kanzu ya pili, akamwambia, "Kaa pwani na mizani, uwapime samaki wa kila avuaye. Atakayeonekana ndiye anayewamaliza, naapa mbele ya watu hawa, hatatia ndoana baharini mwaka mzima."

Faki akaingiwa na hofu, kwani barazani kote wavuvi walikwisha kutajwa kuwa ndio wenye makosa, na mkewe Mize alikuwa akikaanga na kuuza samaki wa wavuvi hao. Wakifukuzwa baharini, kikaango kitapata kutu, na Faki hakuwa na chakula kingine duniani ila kilichotoka katika kikaango hicho.

Akakaa pwani. Wavuvi wakaja, akapima: changu, tasi, na pweza mmoja mnyonge. Wote pamoja wakajaza kapu moja. Alasiri ikaingia mashua ya Sultani, aliyekuwa amewatembeza wageni wake, nayo imelemewa na kolekole na chewa hata watumishi wakashindwa kuivuta. Faki akasogea na mizani yake.

Waziri akamkemea, "Huna haya wewe? Wale huvua. Bwana wetu alikuwa akicheza tu!"

"Kumbe ni mchezo," akasema Faki. "Basi hawa hawahesabiwi?"

"Hata mmoja! Wapeleke kwa mkeo awapikie wageni."

"Nimesikia na nimetii."

Ikawa wageni wamekwisha kunawa mikono, Faki akaingia na sinia, akaweka mbele ya kila mtu kifuu cha nazi kilichojaa mchanga, na juu yake jani moja bichi.

Sultani akauliza, "Ni nini hiki?"

"Samaki wa leo, Bwana. Kwa kuwa wamevuliwa kwa mchezo, tumewapika kimchezo, kama watoto wapikavyo uani. Huliwa hivi." Akachota hewa, akatafuna, akameza. "Mh! Chumvi imekolea."

Mgeni mmoja wa nchi ya mbali, mtu wa adabu nyingi, naye akachota hewa akatafuna.

Sultani akafoka, "Ewe Faki! Nimevua samaki mashua tele kwa mikono yangu! Wako wapi?"

"Wako uani, Bwana, wabichi. Mize anangoja kuambiwa kama ni samaki au ni mchezo."

Sultani akakitazama kifuu, na njaa inamuuma. "Ni samaki!"

"Basi, Bwana, mizani iko mlangoni."

Wakapimwa. Kapu la wavuvi, alilokuja nalo Faki, likawekwa kitanga hiki, na moja la Sultani kitanga kile. La wavuvi likaruka juu likabaki likining'inia, na uani yalikuwa bado makapu mengine ya Sultani. Waziri akainama kutafuta kiatu chake, ilhali amekivaa. Sultani akakumbuka kiapo chake, uso ukamwiva kwa aibu, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Umeninasa, mwanaharamu wee," akasema, akamkabidhi Faki mshipi wake wa kuvulia. "Niwekee hadi mwakani. Wavuvi na waende baharini kama desturi. Na mtu huyu apewe kanzu."

Mize akawasha moto. Na yule mgeni wa mbali, aliyekuwa bado anatafuna, akauliza kwa upole kama sasa ameruhusiwa kuacha.