Kunguru Dalali Mlangoni kwa Bi Hondohondo

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, mmeitikia kwa woga kama waliosikia hodi ya mdai! Haya tena. Paukwa!

— Pakawa!

Sasa nimewasikia. Watoto sogeeni mbele, wakubwa kaeni mnapopenda, na mwenye deni asitazame chini, maana hapa hatajwi mtu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikopeshana chakula kama sisi tunavyokopeshana chumvi, palikuwa na ndege Hondohondo na mkewe, Bi Hondohondo. Mnawajua hondohondo? Ni wale wenye mdomo mkubwa, ukiwaona unajiuliza shingo inaubebaje. Basi wana desturi yao. Mke akitaka kutaga, huingia ndani ya tundu la mti. Mume huleta udongo, mke hupaka. Paa! Paa! Paa! Mlango wote huzibwa, ukabaki ufa mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Mume huleta chakula, mke hupokea ufani. Na mle ndani manyoya ya mabawa ya mke hupukutika, hawezi kuruka hata kidogo. Hukaa na mayai yake hadi makinda wapate nguvu. Ukuta ukivunjwa kabla ya hapo, nyoka hana hata haja ya kubisha hodi.

Basi mwaka ule jua liliwaka, likawaka, likawaka. Matunda yakakauka mitini. Hondohondo akaruka bonde hadi bonde, akarudi na mdomo mtupu. Mkewe yuko ndani, ana njaa, ana mayai. Afanye nini? Akaenda kwa Kindi.

Kindi mnamfahamu, yule mwenye mkia wa manyoya. Yeye hali akamaliza, anaweka akiba. Akamkopesha Hondohondo kapu zima la kunazi, hadi mvua inyeshe.

Mkewe hakuambiwa. Kila akipewa kunazi ufani aliuliza, "Umezipata wapi, mume wangu, na jua lote hili?"

"Kula, mke wangu, kula."

Mke akala.

Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Mvua ikachelewa. Kindi akangoja, akachoka, akamtuma dalali akamdaie. Na dalali wa msitu ule alikuwa nani?

Kunguru! Mmekwisha, msitu mzima umekwisha.

Asubuhi moja Hondohondo yuko mbali huko anatafuta riziki. Bi Hondohondo kayalalia mayai, kimya, anasikiliza moyo wake. Mara, puu! Kitu kimetua tawini.

"Kraa! Kraa! Hondohondo anadaiwa! Kapu la Kindi kalila! Na ada ya mabawa yangu juu yake!"

Bi Hondohondo akashtuka. Akaweka jicho ufani. "Nani wewe?"

"Dalali! Mumeo anadaiwa kapu la kunazi. Lete!"

Mama wa watu! Habari ya mumewe anaisikia kwa Kunguru, tena kwa kelele. Na chini ya mti Kanga alikuwa akichakura. Akanyanyua shingo. "Loo! Kumbe hata kina Hondohondo!" Akaondoka mbio kwenda kuwaambia wengine.

Bi Hondohondo alisikia aibu ikimpanda shingoni kama moto. Lakini hakulia, wala hakutukana. "Bwana Dalali," akasema, "mwenyewe hayupo. Akija nitamwambia. Na wewe, sema polepole."

"Polepole? Polepole ndiyo nini?" Kunguru akaruka, akaenda zake.

Jioni mume akarudi. Mke akampokea kwa swali moja tu. "Kapu la Kindi ulilikopa?"

Hondohondo akainamisha mdomo. "Nililikopa. Uliniuliza, nikaona haya. Nilisema utakula kwa wasiwasi."

"Basi leo nimekula wasiwasi bila kunazi," akasema mke. "Deni halinikasirishi, mume wangu, ulilikopa nipate kula. Nimekasirika kwa kufichwa. Hilo tutalizungumza mimi na wewe. Huyu Kunguru usimpe kitu mpaka nikuambie."

Kesho yake Kunguru huyo!

"Kraa! Kraa! Hondohondo anadaiwa! Kapu la Kindi kalila! Na ada ya mabawa yangu juu yake! Na ada ya kurudi jana bure! Na ada ya kukauka koo!"

Tumbili wakakusanyika, wakacheka, wakapigana vikumbo. Kanga akaleta jamaa zake.

"Bwana Dalali," akasema Bi Hondohondo, "kapu moja limekuwaje?"

"Yamekuwa mawili! La pili ni ada."

"Mume wangu ndiye aliyekopa. Kwa nini unanipigia mimi kelele?"

"Mke na mume ni kitu kimoja!"

"Niliolewa na Hondohondo, sikuolewa na deni lake. Ukimtaka yeye, mngoje yeye, umwambie yeye, sikioni."

Tumbili wakaguna, "Mh! Kaambiwa huyo!" Kunguru akaona haya kidogo. Na Kunguru akiona haya, hukasirika. "Kesho nisipopata makapu mawili, nabomoa ukuta huu, nachukua nitakachokikuta!"

Nitakachokikuta! Mle ndani pana nini, jamani? Mayai. Mengine yalikwishaanza kugongagonga, ko, ko, ko, wana wanataka kutoka. Mume usiku ule akasema atakwenda kuiba. Mke akasema, "Ukiiba, kesho Kunguru atakuwa na wimbo mrefu zaidi. Nenda katafute chakula kama kawaida. Mlango huu ni wangu."

Mimi nimesimulia habari za simba wengi, lakini ujasiri wa yule mama asiye na hata bawa la kukimbilia, huo sijauona mahali.

Kulipokucha, puu! Kunguru. Hakuimba hata ubeti mmoja. Akaanza na ukuta. Tak! Tak! Kipande cha udongo kikadondoka. Mwanga ukaingia ndani, ukaangukia mayai. Bi Hondohondo akayafunika kwa mwili wake, akatazama nje kwa jicho moja. Akamwona Kunguru. Akawaona Tumbili na Kanga. Na kule nyuma, kwenye tawi la juu, akaona kitu kinapepea kati ya majani. Mkia. Mkia wa manyoya! Kindi mwenyewe amekuja kimyakimya kushuhudia mali yake ikirudi.

Bi Hondohondo akavuta pumzi.

"Bwana Dalali, ngoja. Mimi nasema deni hilo ni la uongo."

Tak! Mdomo ukasimama. "La uongo?"

"La uongo! Kapu zima la kunazi, mwaka wa njaa kama huu? Kindi alitoa wapi? Kindi hana kitu, ni maskini kama sisi."

"Maskini!" Kunguru akavimba. Dalali wa kweli angenyamaza. Lakini siri tumboni mwa Kunguru ni kama pilipili, lazima itoke. "Kraa! Kindi maskini? Kindi ana ghala! Ana kunazi, ana karanga, ana mbegu za kila namna! Nimeliona kwa macho yangu siku aliyonituma!"

Tumbili wakaacha kucheka. Kanga wakaacha kuchakura. Matumbo yote yakasikiliza.

"Hata," akasema Bi Hondohondo. "Liko wapi basi?"

"Liko chini ya mzizi wa m..."

"NYAMAZA!"

Purukushani! Kindi huyo, karuka kutoka tawi la juu, katua mgongoni kwa Kunguru, kamziba mdomo kwa mikono yote miwili. Anatetemeka mkia mzima. "Nyamaza, msaliti wewe! Habari za ghala langu zinamhusu nani?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Bi Hondohondo akatoa ncha ya mdomo ufani, akasema taratibu, "Bwana Kindi, karibu. Kumbe siri inauma? Ya kwetu imetangazwa mpaka kwa Kanga."

Kindi aliona haya, na haya ile ilimstahili.

"Deni hatulikatai," akaendelea Bi Hondohondo. "Ulitusaidia, nimekula, nashukuru. Mvua ikinyesha utapata kapu lako. Lakini kuna la pili. Hilo pia ni lako?"

"La pili?" Kindi akamgeukia Kunguru. "Nilidai kapu moja. La pili la nani?"

"Ada," akasema Kunguru, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema polepole.

"Nilikutuma udai, sikukutuma utangaze! Ada yako nilikulipa mimi, siku ile ile! Toka!"

Kunguru akaruka, kraa, kraa, huku Tumbili wakimtupia maganda. Kindi akachota udongo kwa viganja vyake, akapaziba pale palipodondoka kipande. Paa! Paa! Kisha akaenda kulihamisha ghala, mbio!

Mvua ikanyesha. Makinda wakatoka. Siku ilipofika, Bi Hondohondo akauvunja ukuta kwa mdomo wake mwenyewe, akaruka na mabawa mapya, yanang'aa. Yeye na mumewe wakabeba kapu limejaa pomoni hadi kwa Kindi. Hondohondo akalitua. Bi Hondohondo akainamisha mdomo wake mkubwa, akamnong'oneza Kindi neno sikioni. Kindi akacheka, akafuta machozi.

Alimwambia nini? Mnaniuliza mimi? Sikuwepo, na aliyekuwepo hasemi.

Basi mafunzo ndiyo haya. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni ni la mdai na mdaiwa, si la mji mzima. Mwenye kudai adai haki yake bila kumvua mwenzake nguo. Na wewe mume, na wewe mke, msifichane, maana usipomwambia mwenzio wewe, Kunguru atamwambia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayenidai nyingine, asinipigie kelele mlangoni. Aje aniambie sikioni.