Aliyemfundisha Mwanahawa Kumsoma Mama

Sogeeni, na mwenye kikombe akiweke chini. Nina kesi imenishinda, naileta kwenu.

Tanga mjini palikuwa na binti wa miaka kumi na minne, Mwanahawa, mwana wa mjane mmoja, Bi Sikudhani. Mwanahawa ana usonji. Sura ya mtu, kwako na kwangu, hutuingia akilini nzima, mara moja. Kwake iliingia vipande vipande: nyusi, kisha pua, kisha mdomo, na kabla hajaviunganisha, mwenye sura keshabadilika. Macho ya watu ndiyo yalimchoma kabisa, kwa hiyo alitazama videvu. Watu wakasema hana huruma. Waongo! Huruma alikuwa nayo tele, hakujua tu ni wakati gani inahitajika.

Alichokitaka ni kimoja, kuijua sura ya mama yake. Wakatokea watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Bwana Kombo, jirani yao, alikuwa mpiga picha za pasipoti, na kipaji chake kilikuwa kumtuliza mtu asitikisike. Alimkalisha Bi Sikudhani kwenye kiti cha studio akampiga picha kumi na mbili: akicheka, akinuna, akishtuka. "Chukua, mwanangu," alisema. "Mama huyu hakimbii. Mtazame mpaka uchoke." Kwa mara ya kwanza Mwanahawa aliyatazama macho ya mama yake, na hayakumchoma.

Shangazi Mwatumu kipaji chake ni mdomo. La moyoni halilali humo. Mwaka mzima alikuwa akitangaza: "Haya, nitazame, hii ni hasira, wali umeungua!" Halafu, "Na hii sasa ni aibu, wageni wamefika na wali umeungua!" Hivyo Mwanahawa akajua kwamba kila sura ina kisa chake.

Kaka yake, Sefu, alipenda mambo yenye mpango. Alinunua daftari, akapiga mistari, akaandika: nyusi zikiwa hivi, mdomo ukiwa hivi, maana yake hivi. Kila jioni ndugu hao wawili walimtazama mama yao, Mwanahawa akaandika alichokiona, Sefu akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwaka haujaisha, daftari lilijaa alama za vema.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Jioni moja walikuwepo wageni, Bi Sikudhani akicheka nao. Wote waliona kicheko. Mwanahawa, ambaye bado alisoma kipande kimoja kimoja, aliona mdomo unacheka, nyusi zimekunjana, na shingo imekaza. Akaandika: maumivu.

Sefu akalikata neno kwa wino mwekundu. "Mdomo ukipanda juu ni furaha, dada. Rudia."

Mwanahawa akamkimbilia Bwana Kombo, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akamwonyesha kwa kidole alivyoona. "Hiyo si ndiyo picha ya kicheko?" akasema Bwana Kombo. "Mama yako anacheka tu."

Akamwendea shangazi, naye akauliza waziwazi mbele ya watu, "Wifi, unaumwa?"

"Siumwi kitu," akajibu Bi Sikudhani. Alilelewa hivyo, mgeni haonyeshwi uso wa maradhi.

"Umesikia?" shangazi akamgeukia Mwanahawa. "Kasema mwenyewe."

Mwanahawa akarudi kwenye daftari, akaandika: furaha.

Siku kumi na tisa baadaye Bi Sikudhani alilazwa hospitali, ana uvimbe tumboni uliogunduliwa kwa kuchelewa. Alimshika binti yake mkono. "Ulinisoma sawasawa," akasema. "Mimi ndiye niliyeficha. Kisutu changu, ile kanga yangu ya harusi, mpe aliyekufundisha kunisoma." Kesho yake mchana akafariki.

Siku ya arobaini nguo za marehemu ziligawiwa, kikabaki kisutu. Watatu wale walikuwa mkekani, na kila mmoja alikitaka. Hawakukitaka kwa kitambaa chake, walitaka kusamehewa.

"Bila picha zangu asingethubutu kuyatazama macho," akasema Bwana Kombo.

"Na bila mimi angejuaje kwamba sura ina sababu?" akasema shangazi.

"Mimi nilimfundisha kuunganisha vipande vya sura," akasema Sefu. Akajifunika uso.

Jirani mmoja akamnong'oneza binti, "Kaa nacho mwenyewe, mwanangu. Jicho lililoona lilikuwa lako."

"Mama alisema nimpe mtu," akajibu Mwanahawa. Akawageukia watatu. "Mlinifundisha, nikaona. Nilipoona, mkaniambia nimekosea. Nikawaamini ninyi, nikamwacha mama."

Mwanahawa amesimama hapo mpaka sasa, kisutu kimemlowa machozi mikononi, naye hajui pa kukipeleka. Je, wewe uliyenisikiliza, ungempa nani?