Kuku Mwekundu wa Bi Zuwena

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja alikuwapo fundi wa makubadhi aliyeitwa Hilali, mcha Mungu kwelikweli. Tende ya jirani ikidondokea uani kwake, aliiokota akairudisha kwa mwenyewe. Akialikwa karamuni, huuliza kwanza chakula kimetoka wapi, na jibu lisipomkinaisha huondoka na njaa yake. Watu walimstahi na wengine, tuseme kweli, walimkwepa.

Hilali alikaa na mama yake mzazi, Bi Zuwena, ajuza aliyebakiwa na furaha moja tu duniani, nayo ni kuku wake. Kila alipomaliza kupika aliketi mlango wa uani na sinia la makombo: ukoko wa wali, maganda ya muhogo, vichwa vya dagaa, na siku ya Ijumaa kipande cha mkate alichojinyima mwenyewe. Alikuwapo tembe mmoja mwekundu aliyekula kiganjani mwake. Bibi alizungumza naye kama mtu anavyozungumza na mjukuu.

Ukaja mwaka wa ukame. Makombo yakaadimika, kuku wakaliwa mmoja baada ya mwingine, akabaki yule mwekundu. Kisha homa ikamlaza Bi Zuwena, na hata uji ukawa haushuki. Siku homa ilipompa nafuu kidogo, alimwita mwanawe akamwambia roho yake inataka mchuzi wa kuku, tena wa yule yule kipenzi chake. Nyinyi watu wazima mnajua, mgonjwa aliyekataa kila kitu akitaja chakula kwa ulimi wake, hiyo ni rehema, haichezewi.

Hilali akachukua kisu. Alipomkamata kuku, akakumbuka kwamba jana yake alimwona akiparura jaani, nyuma ya machinjio, penye damu na kinyesi. Akakirudisha kisu. Aliwahi kusikia darasani kwamba kuku mla najisi hufungiwa siku tatu, akalishwa vilivyo safi, ndipo akachinjwa. Basi akamfunika kwa tenga, akaingia ndani kumweleza mama yake kwamba hawezi kumlisha chenye shaka, avumilie siku tatu tu.

Bi Zuwena akamtazama sana. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Hilali akawa anapita nyumba kwa nyumba kuomba makombo safi ya kumlisha kuku. Watu walikuwa na dhiki zao, lakini walimpa, huyu konzi ya pumba, yule ukoko wa chungu. Kuku akachangamka chini ya tenga, na chumbani mgonjwa akazidi kwisha. Kila alipouliza kama siku zimetimia, aliambiwa bado.

Siku ya tatu haijaingia, Hilali akabisha kwa Sheikh Muhadhari, imamu wa msikiti wao. Sheikh akashangaa, ukoko wa nini na mama yuko kitandani? Hilali akamweleza, na inasemekana alieleza kwa fahari kidogo. Sheikh akamwuliza kama kuku huyo amezoea jaani. Akajibu alimwona pale mara moja tu. Akamwuliza kama ananuka. Akajibu hanuki.

"Basi hakuwa na neno tangu siku ile," akasema Sheikh. "Anayefungiwa ni yule ambaye najisi ndiyo chakula chake, hata nyama yake ikabadilika. Mbona hukuja kuuliza, Hilali? Nenda kamchinjie mama yako."

Akaenda mbio. Akachinja, akapika, akauchuja mchuzi, akamwinua mama yake akamwegemeza kifuani. Bi Zuwena akasikia harufu, akafumbua macho. Akauliza kwa sauti iliyokaribia kukatika kama siku tatu zimekwisha.

Hapo ndipo alipojaribiwa. Angesema zimekwisha, mama angekunywa na moyo wake umetulia, naye Hilali angebaki kuwa mtoto aliyesoma. Hakuna mwingine chumbani wa kumsuta.

"Hazijakwisha, mama," akasema, machozi yakimtoka. "Nilikosea. Kuku alikuwa halali tangu uliponiomba."

"Ningemla juzi," akasema Bi Zuwena.

Akajaribu kunywa, mchuzi ukamtoka pembeni mwa mdomo. Kabla ya Magharibi alikuwa amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Msikitini watu wakawa wanampa Hilali pole iliyochanganyika na sifa, ya kwamba amemhifadhi mama yake, hata amekwenda mbele ya Mola wake bila tonge la shaka tumboni. Jeneza lilipowekwa mbele, Sheikh Muhadhari akauliza, kama ilivyo ada yetu, iwapo yupo mwenye haki yoyote kwa marehemu, ajitokeze.

Hilali akasimama.

"Mimi simdai marehemu," akasema. "Yeye ndiye anayenidai. Aliniomba kuku wake mwenyewe, aliyemlisha kwa mkono wake, kuku wa halali. Nikamnyima kwa jambo nisilolijua, na niliona tabu kwenda kuuliza. Msinisifu."

Watu hawakujua waangalie wapi. Sheikh akasema, "Wa kukusamehe ndiye huyu tunayemswalia." Akageuka kibla, akaleta takbiri.

Wapo wasimulizi wanaoongeza kwamba baadaye Hilali alimwota mama yake, akamwambia amemridhia. Mimi sikukipokea kisa hiki hivyo, na sitawaongezea ili mlale vizuri. Nilichopokea ni kwamba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipoingiwa na shaka alikwenda kuuliza siku ileile. Ucha Mungu ni pambo la mja, ndugu zangu. Lakini shaka yako ikiwa inasubiriwa na mgonjwa mwenye njaa, inuka ukaulize, wala usijifanyie dini yako peke yako. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea wazazi wetu wema wangali wanaweza kumeza.