Goti la Bi Mishi Kwenye Simu

Mara tatu daktari wa bima alilitazama goti la Bi Mishi, mpika chapati, kwenye simu, akasema ni zima. Bila kibali cha bima hospitali haikumpokea, naye hakuweza tena kusimama jikoni. Basi akapanda ngazi akichechemea hadi kwa meneja wa bima, Bwana Ngeti, kikapu mkononi.

"Mama, daktari wetu hakosei. Akisema zima, ni zima."

"Na akisema bovu?"

"Nagonga muhuri papo hapo."

Bi Mishi alikipakata kikapu, akampigia daktari, akaielekeza simu mapajani.

"Lo! Limevimba!" daktari alimaka. "Hebu libonyeze. Ona, shimo limebaki! Nenda hospitali leo hii."

Bwana Ngeti akakigonga kibali muhuri. "Ulipandaje ngazi na uvimbe huo?"

"Huu nimeubeba, mwanangu." Akatoa kikapuni na kutua mezani donge la unga wa chapati, shimo la kidole katikati.

"Nakifuta kibali!"

"Kifute. Ila uwaeleze wenzangu walio kwenye foleni hapo nje, daktari wako amempeleka nani hospitali."

Bwana Ngeti aliupuliza muhuri ukauke upesi.