Pimbi Wawili na Fisi Asiye na Meno

Mwaka ule jua liliwaka hata mawe yakapasuka. Kwenye mwamba wa pimbi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, majani yaliisha kabisa. Nyasi mbichi zilibaki bondeni tu, kando ya chemchemi. Lakini bondeni alikaa Fisi, na tumbo la Fisi mnalijua.

Walikuwako dada wawili. Machachari hakujua kuogopa. Kila asubuhi alishuka, akala, akarudi na maziwa tele, wanawe wakanenepa. Hadhari aliogopa hata kivuli chake. Alibaki juu akitafuna magome makavu, maziwa yakamkauka, na watoto wake wakalia mpaka sauti zikawaisha.

"Dada, shuka ule! Utawaua watoto kwa woga," alisema Machachari.

"Na nikiliwa, nani atawalea?"

Siku moja Fisi akamwita Machachari kwa upole. "Binti yangu, usinikimbie. Meno yangu yote yamedondoka, siku hizi nakunywa maji tu. Waite wenzako waje washibe. Na ile desturi yenu ya kumwacha mmoja juu apige mbinja akiniona, ya nini tena? Naye ana njaa, maskini."

Machachari akaamini papo hapo. Pimbi wote wakateremka, isipokuwa Hadhari.

"Asiye na meno mbona anaziba mdomo akicheka?" aliuliza. Wakamcheka.

Akakaa juu na wanawe, njaa ikimuuma. Mara akaona nyasi zinatikisika nyuma ya dada yake. Akipiga mbinja, Fisi atajua yeye na wanawe wako wapi. Akapiga hivyo hivyo, kwa nguvu zote.

Pimbi wakatawanyika. Machachari akachomoka kuelekea ufa wa mwamba, Fisi nyuma yake, akaruka amdake mkia. Mkia gani? Akauma jiwe, kacha! Meno yakamwagika chini. Tangu hapo akawa anakunywa maji tu, kama alivyosema.

Machachari alipanda akitetemeka, mara ya kwanza maishani mwake. Alijilaza, akawanyonyesha watoto wa Hadhari kabla ya wake.

Basi ikawa mmoja anashuka, mwingine analinda, na watoto wananyonya pamoja. Walipokua, wengine wakatoka wajasiri, wengine waoga, na hakuna mama aliyeomba abadilishiwe wake.