Kigingi cha Mihayo

Hadithi, hadithi!

— Njoo nayo!

Nije nayo wapi? Mmejibu kama watu waliofukuzwa matangani. Tena. Hadithi, hadithi!

— Njoo nayo, tumekaa!

Hapo sawa. Lakini leo msitegemee utamu mwingi, maana nina hasira. Asubuhi ndama wangu aling'oa kigingi, akaingia kwenye mtama wa watu, nikatukanwa mbele ya wakwe zangu. Aliyemfunga ndama yumo humu ndani. Simtaji. Nkwabi, mume wangu, mjukuu wangu mwenye ndevu, mbona umeinama? Sijakutaja.

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana na kutukanana kwa lugha moja, palikuwa na mwanamke mjane, jina lake Nyamizi. Binti yake alifariki siku ya kujifungua, akamwachia kitoto cha kike. Kitoto hakikuwa na titi la kunyonya. Kilikunywa maziwa ya mbuzi.

Nyamizi alikuwa na mbuzi watatu. Mbuzi wakiwepo, mtoto yupo. Mbuzi wakiisha, mtoto hayupo. Lishikeni hilo, maana kuna mtu hakulishika.

Siku moja Mbweha alipita akachukua kuku. Kuku mmoja, tena mgonjwa. Nyamizi akaogopa. Akasema, "Leo kuku, kesho mbuzi." Akamwendea Mihayo.

Mihayo alikuwa mtegaji. Alikuwa na mtego wa chuma wenye meno, mkali, wa kufunguliwa na watu wawili, kila mtu akikanyaga upande wake. Mtego ule ulikuwa na mnyororo, na mnyororo ulifungwa kwenye kigingi. Na sifa alikuwa nazo, Mihayo! Akipita njiani, kifua mbele, mtu angedhani amemtega simba.

Sasa sikieni. Kijijini kwao kutega kulikuwa na desturi yake. Ukishakita kigingi, unajifunga mnyororo mguuni wewe mwenyewe. Unapiga magoti chini, unabweka kama mbweha, unakurupuka. Unavuta upande wa jua linakotoka. Unavuta upande wa jua linakotua. Unavuta kuelekea porini. Kigingi kikitikisika hata kidogo, unang'oa, unaanza upya. Watu watakucheka. Waache wacheke, ndiyo desturi.

Mihayo alikuja, akapewa kibuyu cha maziwa, akayanywa yote. Maziwa ya mtoto! Akatega mtego nyuma ya zizi, Nyamizi akimkanyagia upande wa pili. Kigingi akakigonga mara mbili, kikaingia shubiri moja kwenye mchanga.

Nyamizi akamwambia, "Fundi, hujajifunga ukavuta."

Mihayo akacheka. "Mimi? Mtu mzima na ndevu zangu nibweke mbele za watu? Mama, hii inatosha."

Inatosha! Mnalijua neno hilo? Mimi nalijua, nalisikia humu humu ndani kila siku. Nyumba imeezekwa nusu, inatosha. Ndama amefungwa kwa kidole kimoja, inatosha. Nkwabi, inua kichwa, sijakutaja.

Mbweha akaja. Mtego ukafyatuka, pa! ukamkamata mguu wa mbele wa kulia. Mbweha akalia. Akavuta upande wa jua linakotoka, kigingi kikatikisika. Akavuta upande wa jua linakotua, kigingi kikainama. Akavuta kuelekea porini, kigingi kikatoka. Akaondoka na mtego mguuni, mnyororo unaburuzwa nyuma, na huku anaimba. Nyinyi mnaitikia, Vuta!

Kigingi cha Mihayo,
— Vuta!
Kimekaa kama mgeni,
— Vuta!
Kesho anaondoka,
— Vuta, kimetoka!

Huko porini akajitafuna vidole viwili, akautoka mtego. Mihayo alifuata alama za mnyororo, akaukuta mtego na vidole ndani yake. Akarudi anavionyesha kijiji kizima. "Mnaona? Nimemkata vidole! Inatosha!"

Haikutosha. Mbweha mwenye vidole viwili pungufu hamkimbizi sungura akampata. Sungura anamgeukia, anamzomea. Panya anamponyoka. Njaa ikamkamata Mbweha, na njaa ina akili yake. Akakumbuka kuna kitu kimoja hakikimbii, kimefungwa kamba. Akaenda kwa Nyamizi, akala mbuzi wa kwanza.

Nyamizi akalia, akarudi kwa Mihayo. Mihayo akaja, akanywa kibuyu cha maziwa. Safari hii hakutaka hata kigingi. Akaokota gogo la mpapai lililokauka. Mpapai, jamani! Gogo ambalo kuku akilikalia linabingirika. Akalifunga mnyororo.

Nyamizi akasema, "Fundi, jifunge basi uvute, nakusihi. Nimebakiwa na mbuzi wawili."

"Mama, mimi nilianza kutega kabla hujaolewa. Inatosha."

Mbweha akaja, mtego ukafyatuka, pa! ukamkamata mguu uleule. Akavuta mara moja, gogo likamfuata kama mbwa wa nyumbani. Imbeni.

Gogo la Mihayo,
— Vuta!
Limekaa kama mgeni,
— Vuta!
Halikutandikiwa mkeka,
— Vuta, limetoka!

Safari hii Mbweha aliacha kiganja kizima. Akarudi kwa Nyamizi mchana kweupe, anachechemea kwa miguu mitatu, akala mbuzi wa pili mbele ya macho ya mwenyewe.

Nyamizi akapiga kelele, "Mbweha, huna haya! Nimekukosea nini?"

Mbweha akamgeukia, mdomo una damu, macho mekundu. "Haya? Mimi nilikula panzi na panya miaka yote nikipita hapa. Nilichukua kuku mmoja. Mlitaka kuniua, mngeniua! Mbona mmenipunguza kidogo kidogo kama muwa? Nionyeshe mguu wangu ulipo, nami nitakuonyesha mbuzi wako." Akaondoka.

 Nyamizi amebakiwa na mbuzi mmoja, Kipaku. Mtoto ndani analia. Na maneno ya Mbweha yamemchoma, kwa kuwa ni ya kweli. Hakuna kitu kinachouma kama adui yako kusema kweli.

Akaenda kwa Mihayo. Hakulia tena. Akasema, "Nipe mtego."

"Nakuja mwenyewe, mama, andaa tu kibuyu."

"Nimesema nipe mtego. Maziwa yamekwisha."

Akauchukua mtego ukutani, akautia begani, akaondoka. 

Nyumbani akaanza kuchimba. Mchanga ukawa unamporomokea. Akachimba tena, ukaporomoka. Akapita Ngiri, mkia umesimama juu. Ngiri naye alikuwa na hasira zake, Mbweha alikuwa amemlia mtoto wake.

"Mama," Ngiri akasema, "unachimba kama binadamu."

"Nichimbeje, basi? Mimi si binadamu?"

"Mchanga huu mwongo. Unakukubalia kila kitu, haukushikii kitu. Mimi nalala chini yake, naujua. Shuka mkono mzima mpaka begani, utakuta udongo mwekundu. Ule ukishika, umeshika. Na usisimamishe mti. Ulaze."

Ngiri akapiga magoti kama kawaida yake, akachimba kwa pua na meno, Nyamizi akazoa. Wakashuka mkono mzima. Wakakuta udongo mwekundu. Nyamizi akaleta mchi wake wa zamani wa mpingo, mchi aliopewa siku ya ndoa yake. Akaufunga mnyororo katikati. Akaulaza shimoni, akafukia, akashindilia kwa miguu, akamwaga maji, akashindilia tena.

Kisha akajifunga mnyororo mguuni. Mjane, mtu mzima, bibi wa mtu! Akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akabweka.

Watu wakacheka. Mihayo alicheka kuliko wote, alishika mbavu. Nyamizi akavuta upande wa jua linakotoka. Akavuta upande wa jua linakotua. Akavuta kuelekea porini mpaka ngozi ya mguu ikachubuka, damu ikatoka. Mnyororo haukusogea hata unene wa kucha. Kicheko kikapungua, kikaisha. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanatazama chini.

Nyamizi akautega mtego, Ngiri akimkanyagia upande wa pili, akaufunika kwa majani makavu, akatangaza, "Mtu asipite hapa." Mchi wake mpya akauegemeza mlangoni.

Kesho yake jua likiwa utosini, Nyamizi akaenda kisimani, mtoto mgongoni, na Kipaku amemshika kamba. Mihayo akaona nafasi. Akajisemea, "Mtego ukinasa kwa mkono wa mwanamke, mimi nitaitwa nani hapa kijijini? Nitaung'oa, niseme umeng'olewa na Mbweha."

Akaja ananyata. Macho yake yanatafuta kigingi, kwa kuwa alijua kigingi huingia shubiri moja, kichwa kikabaki nje. Kigingi hakukiona. Akasogea hatua moja. Akasogea hatua ya pili. Akasogea hatua ya tatu. Pa!

Kiatu chake cha ngozi ya nyati ndicho kilichomwokolea mfupa. Lakini mtego ulishika. Ungefunguliwa na watu wawili, naye yuko mmoja. Mihayo akavuta upande wa jua linakotoka. Wapi! Akavuta upande wa jua linakotua. Wapi! Akaanguka, akapiga magoti, akavuta kuelekea porini kwa miguu na mikono, analia, na kile kilio chake, jamani, kilikuwa kubweka hasa.

Mbweha akakisikia. Akaja kwa miguu yake mitatu. Akaketi mbele ya Mihayo.

"Fundi, umeanza desturi leo?"

"Mbweha ndugu yangu, nisaidie."

"Vuta tu. Mimi nilivuta kikatoka." Mbweha akaimba polepole. Itikieni polepole.

Kigingi cha Nyamizi,
— Vuta!
Kimekaa kama mwenyeji,
— Vuta!
Mgeni ni wewe,
— Vuta, hakitoki!

"Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo," Mbweha akasema. "Ila wewe, fundi, umo. Nipe mguu wangu." Hasira ikampanda, akamrukia, akamng'ata mkono, akawa anauvuta na kuunguruma. Hakusikia nyayo nyuma yake.

Nyamizi alikuwa amerudi. Alimfungia Kipaku ndani, akamlaza mtoto, akachukua mchi. Mbweha alipogeuka, alimkuta amesimama juu yake.

"Mama," Mbweha akasema, "kabla hujapiga, niambie. Nani aliyewamaliza mbuzi wako, mimi au huyu?"

Nyamizi akajibu, "Nyote wawili. Na yeye zaidi."

"Basi mbona mchi uko juu ya kichwa changu?"

"Kwa sababu wewe umekwisha kuharibiwa, Mbweha. Huwezi tena kurudi kwa panya, na mimi sina mbuzi wa kukupa. Nina mmoja, na ana mwenyewe ndani analia."

Mbweha akamtazama. "Piga mara moja," akasema. "Usipige nusu."

Nyamizi akapiga mara moja. Mbweha hakusikia pigo. Nyamizi akakaa chini, akalia kwa hasira. Hakumlilia Mbweha peke yake, aliililia kazi ile yote ambayo ingekwisha siku ya kwanza kwa mtu mmoja kubweka kidogo.

Watu wakakusanyika. Mihayo akasema, "Dada zangu, kaka zangu, nifungueni."

Wawili wakainua miguu wakanyage mtego. Nyamizi akawazuia. "Hapana. Achimbe. Atoke na alichofungiwa."

"Nichimbe mpaka wapi?"

"Mpaka utakapokikuta. Mbweha wako alitoka na mtego, na wewe toka nao."

Mihayo akachimba kwa kucha. Akashuka shubiri moja, akatazama juu, akasema, "Mama, haitoshi?" Nyamizi akamjibu, "Inatosha kwa mpapai." Akachimba mpaka kiwiko. Akachimba mpaka begani, shavu lake limelala mchangani, jasho na makamasi vimechanganyika. Jua lilipokuwa linazama akaugusa mchi wa mpingo katikati ya udongo mwekundu. Akautoa, akaukumbatia. Hapo ndipo wawili wakakanyaga, pande mbili, mtego ukafunguka.

Mihayo alichechemea maisha yake yote, kwa mguu wa kulia kama Mbweha. Akaendelea kutega, ndiyo. Lakini tangu siku ile hakuna mtegaji aliyebweka kwa sauti kama yeye, wala aliyevuta kwa nguvu kama yeye, na hakuna mtu aliyemcheka. Na kile kitoto kilikunywa maziwa ya Kipaku, kikaota meno, kikatembea, kikawa mwanamke wa kujichimbia mashimo yake mwenyewe.

Basi mafunzo ndiyo hayo, sitayapaka asali. Kazi uliyoifanya nusu haibaki nusu. Inakwenda kuumiza mnyonge, na aliyeumizwa anarudi kwa jirani yako, halafu wewe unakuja kunywa maziwa. Kama huna nia ya kujaribu kigingi chako kwa mguu wako mwenyewe, usikikite. Waache watu wafanye wenyewe.

Hadithi nimeikita hapa, mkono mzima. Mwenye nguvu na aing'oe.

Nkwabi, mume wangu, sasa nakutaja. Toka nje, ndama anakungoja, na kamba iko pale mlangoni. Ukimaliza kukikita kile kigingi, utajifunga mguuni, utapiga magoti, na sisi sote hapa tunataka kukusikia ukibweka.