Wakwe wa Fisi

Wanangu, mpo?
— Tupo, hatujalala!
Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta, yajaze!

Basi, palikuwa na Digidigi, binti mdogo, miguu kama njiti, mwoga huyo, jani likianguka naye tetete, tetete. Lakini shule aliipenda. Shule yenyewe iko kilimani, njia ni moja tu, na kando yake upupu mtupu. Siku hiyo, kesho yake wana mtihani, nani kasimama njiani? Fisi!

"We binti, wapi?"

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nakwenda kusoma."

"Kusoma! Kuanzia leo wewe ni mchumba wangu, na mchumba wa mtu hasomi. Ndiyo mila. Geuka!"

Na kwa mila, Fisi alikuwa mkali. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, ajitupe porini, afunike uso mpaka mama apite. Asipofanya hivyo, ukoo mzima unamnyima nyama.

Digidigi tetete, tetete, anatetemeka huku anawaza.

"Mzee wangu, mimi? Mifupa mitupu hii! Binti Swala umemwona alivyonona? Na binti Ngiri, yale mapaja? Nao wanapita hapa hapa."

Fisi mate do, do, do. "Wote! Wote wachumba wangu!"

"Sema kwa nguvu basi, ukoo wako usikie, wasije wakakuwahi."

Fisi akapanda juu ya jiwe. "Mabinti wote wa shule ile ni wachumba wanguuu!"

"Tumesikiaaa!" wakajibu mafisi.

Digidigi huyooo, mbio nyumbani. "Mama, kesho nisindikize shule. Na mama wa wenzangu wote waje."

"Mimi? Mtoto nimwache na nani?"

"Mbebe!"

Asubuhi, Mama Digidigi mbele, mtoto mgongoni, anatetemeka kuliko binti yake. Akakaza roho: "Hujambo, mkwe wangu?"

Fisi akatoa macho. Akageuka nyuma: ukoo mzima unamtazama. Chakaaa! Upupuni!

Akachomoza kichwa. Mama Swala: "Hujambo, mkwe wangu?"

Chakaaa!

Akachomoza pua. Mama Ngiri: "Umeamkaje, mkwe wangu?"

Chakaaa! Ngozi ikamwasha, akajikuna kwara, kwara, kwara, na mabinti wakapita wanacheka, wakafanya mtihani, wakafaulu wote.

Lakini kina mama waliogopa kuwaacha mabinti warudi peke yao. Wakangoja, wakakaa madawati ya nyuma, kila siku hivyo hivyo. Mama Digidigi, aliyetolewa shule akaolewa, akashika chaki. Akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa, na mkono haukutetemeka.

Funzo? Wanangu, msimpeleke binti shule hata kidogo! Mkimpeleka, mama yake naye atafuata, na uji wa asubuhi atapika nani?

— Fisi!

Haya, ngano naitua hapa. Mwenye kichwa ajitwike, mwenye mwasho ajikune.